Pwani za Uingereza: gari liacheni nyumbani

Picha za mchanga mweupe na maji ya buluu zimejaa mtandaoni, katafuteni huko. Mimi naanza na paking. Watu wanasifia fukwe za Cornwall, kule kusini-magharibi mwa nchi, mpaka povu linawatoka, halafu hakuna anayekwambia kuhusu pauni 100 zinazokusubiri getini.

Ufuo ninaouzungumzia uko kaskazini mwa Cornwall, chini ya bonde, barabara ni moja nyembamba ya kushuka na kupanda. Sitautaja, maana ufuo wenyewe haukunikosea kitu. Walionikosea ni kampuni binafsi inayosimamia uwanja wa magari pale juu, pamoja na kijana wao wa kibandani.

Kwanza muelewe mtego unavyofanya kazi, kwa sababu uko hivyo hivyo sehemu nyingi. Getini kuna kamera inayosoma namba ya gari. Kwa kamera hiyo, saa yako inaanza gari linapopita geti. Haijali umepata nafasi saa ngapi wala umelipa saa ngapi. Siku ya jua wakati wa likizo za shule unazunguka robo saa kutafuta nafasi. Halafu unapanga foleni ya mashine. Siku ile mashine mbili, moja imevikwa mfuko mweusi wa plastiki, nyingine inakataa kadi, inakula sarafu tu na chenji hairudishi. Kibao kinasema unaweza kulipa kwa programu ya simu, lakini bondeni mtandao hakuna hata chembe. Nikalipia saa nne. Tiketi ikahesabu saa nne kuanzia dakika ya kulipa, na huku kamera ilikuwa imeshaanza kuhesabu zamani.

Kutoka ndiyo balaa. Fukwe nyingi za upande ule mchanga wake wote unamezwa maji yakijaa. Kwa hiyo watu mia kadhaa wanakunja mikeka kwa wakati mmoja, wanapanda kwenye magari kwa wakati mmoja, na barabara ni ile ile moja. Tukasimama kwenye mstari zaidi ya nusu saa, injini zinawaka, watoto wanalia, na wote bado tuko ndani ya kamera. Nikashuka nikaenda kibandani, nikamwambia kijana kwa adabu kwamba muda wangu unakwisha nikiwa kwenye foleni yao wenyewe, aniandikie hata kikaratasi. Hakuinua uso kwenye simu yake. "Kibaoni kumeandikwa." Nikamuuliza jina la msimamizi wake. Akaushika mlango wa kidirisha, kile cha plastiki cha kusukuma, akauvuta taratibu huku ananitazama machoni, mpaka ukafunga. Kidirisha kile sijakisamehe mpaka leo.

Barua ikaja: pauni 100, au 60 ukilipa ndani ya siku 14.

Sasa shikeni haya, hasa nyinyi mnaopokea wageni kutoka nyumbani na kuwakodishia magari. Ile barua si faini. Halmashauri zinatoa faini kwa mujibu wa sheria. Kampuni binafsi inakudai deni la mkataba, ikisema ulipoingia getini ulikubali masharti ya kibao. Zote mbili zinaitwa PCN (ya halmashauri ni Penalty Charge Notice, ya kampuni ni Parking Charge Notice), na watu wengi wanaogopa herufi hizo wakalipa bila kusoma. Kampuni binafsi England na Wales haina ruhusa ya kulifunga gari lako mnyororo tangu sheria ya 2012. Ikiwa haikuacha karatasi kwenye kioo na inataka kumbana mwenye gari aliyesajiliwa badala ya dereva, barua yake lazima imfikie ndani ya siku 14. Ikichelewa, haiwezi kumdai mwenye gari. Itabidi imjue dereva. Ndiyo maana unapojibu usitaje nani aliendesha. Andika "mimi ni mwenye gari" na uishie hapo.

Kanuni za vyama vya kampuni hizo zinataka upewe angalau dakika 5 za mwanzo kusoma kibao na kuamua kubaki au kuondoka, na dakika 10 za nyongeza baada ya muda uliolipia. Foleni ya kutokea ina uzito mkubwa kwenye rufaa, mradi uwe na ushahidi, na ushahidi unakusanywa palepale. Piga picha ya kibao cha getini, ya mashine mbovu, ya kioo cha simu kikionyesha mtandao hakuna, na ya foleni kutoka ndani ya gari (apige aliyekaa pembeni, si dereva). Tiketi pia ipige picha, maana ile karatasi wino wake unafifia ukiiacha juani kwenye dashibodi. Namba ya gari iingize yote, na uangalie sifuri na herufi O, maana ukikosea herufi moja mfumo unakuona hujalipa kabisa.

Rufaa ya kwanza unaipeleka kwa kampuni yenyewe ndani ya siku 28. Wataikataa, jitayarishe kwa hilo. Wakikataa lazima wakuelekeze kwa msuluhishi wa nje, POPLA au IAS kutegemea kampuni iko chama gani. POPLA ikikupa haki, kampuni inafungwa na uamuzi. Ikikunyima, punguzo limeshapotea, na kampuni inaweza kukupeleka mahakamani. Makaratasi usiyatupe, deni la mkataba England na Wales linaweza kudaiwa mahakamani hadi miaka 6. Na kama gari ni la kukodi, barua inakwenda kwanza kwa kampuni ya kukodisha, nayo inakukata ada yake ya kushughulikia barua kabla hujajua kuna nini. Hapo unalipa mara mbili kwa kosa la foleni.

Mimi nilishinda. Sikupata neno la radhi, nilipata sentensi moja kwamba "dai limefutwa".

Ndiyo maana miji ya bahari ya nchi hii sasa naipima kwa kitu kimoja: stesheni iko umbali gani na mchanga. Kwa kipimo hicho Margate inanipendeza kuliko zote zilizo karibu na London. Kwa treni ya kasi kutoka stesheni ya St Pancras, London, ni kama saa moja na nusu, unatoka stesheni, unavuka barabara, ufuo huo hapo. Mchanga ni wa kweli, si kokoto kama za Brighton. Maji yakikupwa yanakwenda mbali sana na wanaotaka kuogelea wanakata tamaa, lakini tembea ufukweni kuelekea mashariki mpaka Walpole Bay, kuna bwawa kubwa la kuta lililojengwa 1937 ambalo bahari inalijaza yenyewe. Maji yakikupwa lenyewe linabaki na maji. Vaa viatu vya mpira, chini kuna mwani unaoteleza.

Weymouth, pwani ya kusini, ni ya wenye watoto wadogo. Ghuba imejikunja, mawimbi ni madogo, na unaingia mbali sana kabla maji hayajafika kiunoni. Kutoka stesheni ni dakika chache kwa miguu. Bournemouth mchanga wake ni mrefu ajabu, kilomita 11, ila kutoka stesheni ni mwendo, chukua basi.

St Ives iko Cornwall hiyo hiyo niliyolilia, na hapo ndipo hasira yangu inapokosa pa kusimama. Unashuka treni kubwa St Erth, unapanda ndogo ya robo saa hivi. Kaa upande wa kulia wakati wa kwenda, bahari yote iko upande huo. Treni inakushusha juu kidogo ya ufuo wa Porthminster. Magari mjini ni vurugu tupu, vichochoro havipitiki, na wewe umeingia kama mfalme. Tahadhari moja: shakwe. Wanakuja kutoka nyuma na wanachukua samaki mzima mkononi. Kula ukiwa umeegemea ukuta, na boksi la chipsi lifunike.

Na Saltburn, kaskazini-mashariki, ambako waswahili wengi hawafiki. Mji uko juu ya jabali, ufuo uko chini, na katikati kuna lifti ya 1884 inayoendeshwa kwa maji. Vibehewa viwili vimeunganishwa kwa waya. Cha juu kinajazwa maji tumboni mpaka kinakuwa kizito kuliko cha chini, mwendeshaji anaachia breki, kinashuka na kukivuta mwenzake juu. Kikifika chini kinamwaga maji, na pampu inayarudisha juu. Simama pembeni usikilize maji yanavyoingia. Kuna mwendeshaji mmoja pale aliyenieleza haya yote bila kuulizwa, akanionyesha na usukani wa breki, huku watu wanasubiri nyuma yangu na hakuna aliyenung'unika. Nikamkumbuka kijana wa kidirisha.

Kuhusu maji, sisi wa Tanga, Mombasa na Unguja tunajua bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo), lakini hapa msijiamini. Kwetu bamvua inapanda na kushuka kama mita 4. Mdomo wa mto Severn, ambako kuna Weston-super-Mare, inafika kama mita 14, wakati Bournemouth haizidi mita 2 hivi. Weston maji yakikupwa yanaacha tope refu, na tope hilo linanasa mtu mpaka mapajani. Usiifuate bahari ilikokwenda, ng'ambo ya mchanga mkavu usikanyage. Kwenye fukwe za Cornwall hatari ni nyingine: unazunguka jabali kwenda kighuba cha pili, maji yanajaa nyuma yako, njia ya kurudi imefungwa. Angalia jedwali la maji kabla ya kuondoka nyumbani, na kama limechapishwa kwa saa za GMT, ongeza saa moja kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba. Panga kufika maji yanapoanza kukupwa, si yanapoanza kujaa. Faida yake nyingine ni kwamba utaondoka kabla ya ile foleni.

Ogelea kati ya bendera mbili za nyekundu na njano, hapo ndipo waokoaji wanaangalia. Bendera nyekundu tupu, usiingie. Ukiona mtu anachukuliwa na mkondo, piga 999, uliza walinzi wa pwani. Na baada ya mvua kubwa subiri siku moja au mbili, kwa sababu mabomba ya dharura ya maji machafu yanafunguliwa baharini. Ubora wa maji England unapimwa kuanzia 15 Mei hadi 30 Septemba na matokeo yanabandikwa ufukweni. Daraja la chini kabisa kati ya manne maana yake msioge.

Treni nayo ina maudhi yake, nisiseme uongo. Jumapili mara nyingi kuna matengenezo ya reli, unashushwa njiani unapandishwa basi. Angalia Ijumaa, si asubuhi ya safari. Familia yenye mtoto wa miaka 5 hadi 15 ikate kadi ya punguzo ya familia: watu wazima theluthi moja, watoto asilimia 60. Ukiweka na mafuta na paking upande wa pili, hesabu inaielekea treni.

Nilikuwa nimepanga kuupa ule ufuo wa bondeni nyota nne, kwa sababu mchanga wake ni safi na nimeona sili, wale wanyama wa baharini, wakitoa vichwa majini karibu kabisa na watu. Halafu wakati naandika nimeitoa ile barua nikaisoma tena. Nyota mbili. Na paking sifuri, hata nusu sitoi. Kama kuna basi linalofika huko wakati wa kiangazi, pandeni hilo, na kama halipo nendeni Porthminster mshuke treni juu ya mchanga. Lakini ukibanwa ukaenda kwa gari, lipia saa moja zaidi ya unayodhani unaihitaji, ondoka saa moja kabla maji hayajajaa, na sarafu beba za kutosha.