Kundi la WhatsApp kazini Lamu: daftari zuri, kengele mbovu

Katika nyumba nyingi za wageni za Lamu na Shela, mapokezi, jikoni na nahodha wa boti wote wamo kwenye kundi moja la WhatsApp. Kama daftari la kazi, tunalipatia nyota nne kati ya tano. Idadi ya wageni, saa ya ndege, mgeni asiyekula kamba: likiandikwa limebaki, na likibandikwa juu ya kundi hukaa saa 24, siku 7 au siku 30. Zimeni tu ule mpangilio wa ujumbe unaotoweka, la sivyo oda za wiki iliyopita zitafutika zenyewe.

Kama kengele, nyota mbili. Kundini tiki ya pili haitokei mpaka ujumbe uwafikie wote, wala hazigeuki buluu mpaka wote wasome. Simu moja iliyoisha chaji inatosha kuwababaisha. Ushikilie ujumbe wako, fungua taarifa zake, utaona nani amesoma na nani bado. Hata aliyezima tiki za buluu kwake, kundini anaonekana. Jambo la kujibiwa ndani ya dakika kumi, piga simu, kisha andika kundini mstari mmoja wa mlichokubaliana.

Ujumbe wa sauti usibebe saa wala hesabu. Nahodha aliye kando ya injini hausikii, na baada ya siku tatu ni taabu kuutafuta.

Kosa la gharama kubwa ni la saa. Mgeni huandika 8 akimaanisha saa mbili asubuhi. Mpokezi akinakili "saa 8" tu, boti itatia nanga mchana na ndege imeshaondoka. Uwanja uko Manda, ng'ambo ya maji, hakuna pikipiki ya kuokoa. Andikeni zote mbili: saa 2 asubuhi, 08:00.

Baharini, redio ya VHF, ile ya kuzungumza boti kwa boti, ya mkononi ya wati 5, inaishinda WhatsApp. Ukibonyeza, kila boti iliyo kwenye chaneli hiyo husikia papo hapo, bila bando. Mawimbi yake huenda moja kwa moja, hivyo kisiwa kikikaa kati sauti hukatika. Chaneli 16 ni ya kuitana na ya dharura. Mkishaitikiana hamieni nyingine, msije mkamfunika anayeomba kuokolewa.