Uzoefu wangu: kutibiwa osteoidi osteoma ya kifundo cha mguu kwa sindano ya joto

Kwa muda mrefu maumivu ya kifundo changu yalitibiwa kama ya mtu aliyeteguka: nilifungwa bandeji, nikafanyishwa mazoezi ya viungo, na eksirei ikasomwa kuwa haina tatizo. Daktari bingwa wa mifupa niliyempata baadaye, kabla hata hajaugusa mguu, aliniuliza maumivu huzidi saa ngapi na dawa gani huyatuliza. Nilipomjibu kwamba huniamsha usiku wa manane hata nikishinda nimekaa, na kwamba ibuprofeni huyaondoa kwa saa chache ilhali parasetamoli haifui dafu, aliagiza picha ya CT ya vipande vyembamba, yaani eksirei ya kompyuta inayouonyesha mfupa kipande kwa kipande.

Picha hiyo ilistahili kila shilingi. Kwenye shingo ya talasi, mfupa ulio chini ya muundi, palionekana doa jeusi la mviringo lenye chembe nyeupe katikati. Hiyo ndiyo osteoidi osteoma, uvimbe mdogo wa mfupa ambao si saratani. Kwa kawaida kiini chake hakizidi sentimita 2, huwapata zaidi vijana, na huzalisha kwa wingi prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu, ndiyo maana dawa za jamii ya aspirini huyatuliza maumivu yake. Kifundoni hujificha vizuri, kwani katika eksirei mifupa ya hapo hupandana, na MRI (picha ya sumaku) niliyopigwa awali ilionyesha majimaji ndani ya mfupa yakadhaniwa kuwa athari ya kuumia.

Nilichagua uvimbe uunguzwe kwa mawimbi ya redio, njia ambayo daktari wa radiolojia David Rosenthal na wenzake wa Boston, Marekani, waliiripoti mwaka 1992. Daktari wa radiolojia aliyenitibu alinichorea mapema njia ambayo sindano ingepita ili isiguse gegedu ya kiungo wala mishipa ya fahamu, na utulivu wake katika kueleza hatari ndio ulionishawishi kutia saini. Nikiwa chini ya nusu kaputi, akiongozwa na CT, alichukua kipande cha uvimbe cha kupeleka maabara, kisha akapasha ncha ya sindano hadi nyuzi 90 za Selsiasi kwa dakika chache. Jeraha lilikuwa tundu dogo tu, na yale maumivu ya usiku yalikoma.

Huduma ilipungua wakati wa kuruhusiwa: sikupewa nakala ya picha zangu, ikanibidi nirudi kuzifuatilia. Atakayetibiwa hivi azidai kabla ya kuondoka, kwa sababu uvimbe huu huweza kujirudia na daktari atazihitaji ili alinganishe.