TRID na ROSA P: Pa Kuzipata Tafiti za Vyuo Vikuu Kuhusu Mizigo na Madaraja

Mei 2021 ufa ulionekana kwenye chuma cha daraja la I-40 linalovuka Mto Mississippi pale Memphis, Marekani. Daraja likafungwa karibu miezi mitatu, malori yakamiminika kwenye daraja jirani la I-55. Anayetaka kujua vyuo vikuu vimeandika nini kuhusu mikasa ya aina hii ana milango miwili ya bure mtandaoni: TRID na ROSA P. Kazi zake ni tofauti, na wengi hukwama kwa kutolijua hilo.

TRID ni faharasa. Ina rekodi zaidi ya milioni 1.3 za makala, vitabu na ripoti za usafiri. Inakuonyesha muhtasari na mahali kazi ilipo. Kazi yenyewe mara nyingi imefungiwa kwa mchapishaji anayedai pesa. ROSA P ndiyo ghala: ni ya Maktaba ya Taifa ya Usafiri ya Marekani, na humo unapakua ripoti nzima. Vituo vya vyuo vikuu vinavyofadhiliwa na wizara ya uchukuzi ya nchi hiyo hutakiwa kuweka humo ripoti zao za mwisho. Kwa mwanafunzi asiye na maktaba yenye fedha, ROSA P ina thamani kubwa zaidi, tena ripoti hizo hueleza mbinu kwa kurasa nyingi ambazo jarida lingezikata.

Hata hivyo, anzia TRID, kwa sababu utafutaji wake ni bora. Ukiandika freight (mizigo) peke yake utazama. Unganisha na resilience (ustahimilivu), kisha rudia kwa vulnerability (urahisi wa kudhurika) na disruption (kuvurugika kwa huduma), maana ripoti nyingi za zamani zilizungumzia jambo hilihili kwa maneno hayo. Ukipata rekodi moja nzuri, shuka mpaka kwenye istilahi zake za faharasa na utafute kwa hizo. Ni maneno yaliyopangwa na wakutubi, kwa hiyo yanakusanya hata kazi ambazo vichwa vyake havikutaja mizigo kabisa. Chukua kichwa cha ripoti, ukitafute ROSA P.

Ukishaifungua PDF, usirukie sura ya matokeo. Mwanzoni kuna ukurasa wenye visanduku vilivyopewa namba, fomu DOT F 1700.7, nao ni dhahabu. Kisanduku cha 5 kina tarehe ya ripoti, cha 13 kina kipindi ambacho kazi ilifanyika. Linganisha viwili hivyo: ripoti iliyotoka 2022 inaweza kuwa imesimama juu ya hesabu za malori za kabla ya UVIKO-19. Kisanduku cha 11 kina namba ya ruzuku. Inakili, itafute, na mara nyingi utapata ripoti nyingine za kituo kilekile.

Udhaifu mkubwa ni data. Mwendo wa malori hupimwa kwa GPS za kampuni za usafirishaji, na hizo ni siri za biashara. Ripoti inakuonyesha ramani na wastani, faili lenyewe hulioni. Usipange tasnifu ya kurudia hesabu kabla hujahakikisha data zipo.

Wengi huziba pengo hilo kwa FAF5, takwimu za serikali za mizigo zenye mwaka wa msingi 2017, kanda 132 za ndani na aina 42 za bidhaa. Zinapakuliwa bure na ni nzuri kwa picha ya nchi nzima, lakini kanda ni pana mno kukuonyesha daraja moja. Mizigo iliyogawiwa barabara kwa barabara ni makadirio ya modeli, haikuhesabiwa barabarani. Safu za tani zimeandikwa kwa maelfu, nazo ni tani fupi za Kimarekani, kilo 907 kila moja. Ukizichanganya na tani za kawaida bila kuzibadili, shehena yako itazidi kwa takriban asilimia 10.