Mashine ya santuri: ya sanduku au ya vipande?

Kwa bei, ya sanduku inashinda bila ubishi: spika zimo ndani, unachomeka umeme na muziki unaanza. Ya vipande inakudai mashine yenyewe, amplifaya, spika mbili na nyaya. Na kama amplifaya haina tundu la fono, yaani la kuchomekea mashine ya santuri, utahitaji pia kikuza sauti kidogo cha katikati, kwa sababu umeme unaotoka kwenye kichwa cha sindano cha sumaku ni dhaifu mno.

Lakini tazama mkono wa sindano. Kwenye masanduku mengi ya bei rahisi, sindano huikandamiza santuri kwa takriban gramu 5, na hakuna pa kurekebisha. Mashine nzuri ya vipande ina kizani, yaani kiuzito cha kusawazisha, nyuma ya mkono. Unakizungusha taratibu mpaka mkandamizo wa sindano ufike gramu 2 hivi, na mifereji ya santuri inadumu. Tena spika za sanduku huitikisa santuri ileile inayosomwa, besi ikizidi sindano inaruka. Kwangu hili ni kubwa kuliko hata utamu wa sauti.

Matunzo hayapishani sana: brashi kabla ya kila upande, sindano mpya kwa wakati. Ila kipande kikiharibika unabadilisha hicho tu. Spika za sanduku zikifa, mara nyingi ndiyo basi.

Mwenye chumba kidogo, anayehamahama na santuri chache za kujiburudisha, sanduku linamtosha. Wewe uliyerithi santuri za wazee ambazo huwezi kuzipata tena, jichange kwanza ununue vipande, hata vya mitumba, mradi sindano iwe mpya.