Buti za pikipiki kwa bibi shamba: miezi 14 kwenye utelezi wa Rungwe

Mimi ni afisa ugani katika Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, na kwa miaka 6 sasa kazi yangu yote imefanyika juu ya Honda XL 125 ya ofisi, ambayo wakulima huitambua kwa mlio kabla hawajaniona. Hapa Tukuyu mvua hutuacha kwa miezi michache tu ya mwaka. Udongo wetu wa volkano, unaostawisha chai, ndizi na parachichi, hugeuka utelezi mara unapolowa, na njia nyingi za mashambani ni miteremko myembamba ambayo huwezi kuishuka bila kutua mguu chini mara kwa mara. Nimetumia buti za aina tatu katika kazi hii. Mbili za kwanza zilinishinda, na hizi za tatu ninazivaa kwa mwezi wa 14.

Nilianza na gambuti, kama karibu kila mtu wa huku. Gambuti haipitishi maji, husafishwa kwa kopo moja la maji, na kwa kutembea kwenye matuta sijaona kitu cha kuizidi. Juu ya pikipiki, hata hivyo, haiushiki mguu. Siku moja nilipokuwa nikishuka kutoka shamba la mkulima wa parachichi, gurudumu la mbele liliteleza, pikipiki ikalala upande wa kushoto, na mguu wangu ukabaki chini ya injini. Gambuti ilijikunja pale pale, na nilipofanikiwa kuuvuta mguu ulitoka peke yake. Pikipiki hiyo ina uzito wa zaidi ya kilo 100, na ilichoniumiza si vidole bali ubavu wa unyayo na kifundo, vilivyokuwa vimebanwa kati ya injini na ardhi. Nilichechemea kwa wiki tatu, na tangu siku hiyo, ninapoishika buti yoyote ya pikipiki, huanza kwa kuitazama ubavuni.

Wenzangu kadhaa walinishauri ninunue buti za kiwandani zenye chuma kwenye vidole. Nilizijaribu na kuziacha dukani. Chuma kile kimewekwa ili kukinga vidole dhidi ya kitu kizito kinachodondoka kutoka juu, na hakina msaada wowote kwa kifundo kinachopinda. Tena pua yake ni nene. Katika Honda yangu gia ya kwanza hukanyagwa chini na zinazofuata huinuliwa kwa mgongo wa vidole, kwa hiyo pua isiyopita chini ya leva hukufanya ubadilishe gia kwa kubahatisha, jambo la hatari sana unapopanda mlima ukiwa na mfuko wa mbegu nyuma. Mwenye Boxer anaweza asilione tatizo hili, kwa kuwa leva yake ina kikanyagio cha vidole mbele na cha kisigino nyuma. Ndiyo maana ninamsihi kila anayeomba ushauri wa buti ataje kwanza pikipiki anayoendesha.

Buti za pili nilizipata kwenye mitumba ya Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwa shilingi 95,000. Zilikuwa buti halisi za pikipiki, ndefu, za ngozi nyeusi, na kaka aliyeniuzia alinihakikishia: "Dada, hizi hazijavaliwa hata mara tano. Tazama soli." Nilitazama soli na kukuta meno yake yote yamekamilika. Hakunidanganya. Lakini katika wiki ya tatu, nikiwa katikati ya mvua, kisigino cha kulia kilianza kumeguka vipande vipande kama kiporo cha ugali, na kufikia jioni nilikuwa nikitembea juu ya kitambaa cha ndani. Nilizipeleka kwa mzee anayeshona viatu karibu na stendi. Alizigeuza, akaisugua soli kwa kidole gumba hadi ikatoa unga, kisha akasema: "Mwanangu, hii haikuchakaa kwa kutembea. Imeoza kwa kukaa."

Baadaye nilielewa alichomaanisha, na ninatamani kila anayenunua buti za mitumba alijue jambo hili. Soli nyingi nyepesi na laini hutengenezwa kwa poliurethani, ambayo huvunjwavunjwa taratibu na unyevu wa hewa hata kama buti imekaa ndani ya boksi lake. Buti iliyohifadhiwa kwa miaka mingi bila kuvaliwa inaweza kuonekana mpya kabisa, kisha ikasambaratika siku chache baada ya kuanza kutumika. Kwa hiyo soli isiyo na dalili ya kuvaliwa si sifa peke yake. Ibonyeze kwa ukucha, ikunje na kutafuta nyufa ndogo kwenye mkunjo, nusa na gusa uone kama inanata au inatoa unga, kisha tafuta mwaka wa kutengenezwa, ambao mara nyingi huandikwa kwenye lebo ya ndani. Soli ya mpira mtupu haiozi kwa namna hiyo, ingawa ni nzito zaidi.

Hizi za tatu nilizinunua mpya jijini Dar es Salaam, zamu yangu ya upatu ilipofika, kwa shilingi 720,000. Ninajua hizo ni fedha nyingi. Nilizitoa kwa sababu niliwahi kupiga hesabu ya wiki tatu za kuchechemea.

Kazi kubwa ilikuwa kupata saizi. Ninavaa namba 39, na maduka mengi yaliniambia kuwa buti zao huanzia namba 41, kwa kuwa wanaagiza kwa kuwafikiria wanaume. Mmoja alinishauri nivae soksi mbili juu ya namba 41. Dada yeyote anayesoma hapa asikubali ushauri huo: kifundo kinachocheza ndani ya buti hakilindwi na buti, kwa sababu ile sehemu ngumu ya ubavuni inakuwa imekaa mahali ambapo kifundo chako hakipo. Duka la nne lilikuwa na namba 39. Nilikwenda alasiri, wakati miguu imeshavimba kidogo kwa shughuli za mchana, nikiwa nimevaa soksi nene ninazofanyia kazi, na nikaomba ruhusa ya kukaa juu ya pikipiki iliyokuwa dukani. Nilikaa robo saa nzima nikiinua na kukanyaga leva ya gia, nikigusa breki ya mguu, nikisimama juu ya vikanyagio. Zipo buti za mashindano ya motokrosi ambazo zingenilinda zaidi, lakini ni ngumu mno kwa mtu anayeshuka kwenye pikipiki na kutembea nusu saa hadi shambani, na pia sikuisikia breki kupitia soli yake.

Kabla ya kulipa nilisoma lebo. Buti ya pikipiki iliyopimwa kwa kanuni za Ulaya huwa na mchoro mdogo wa mtu juu ya pikipiki, pamoja na maandishi EN 13634, mwaka wa toleo la kanuni, na tarakimu nne ambazo kila moja ni 1 au 2. Ya kwanza huonyesha urefu wa buti, ya pili uwezo wa kustahimili mkwaruzo, ya tatu uwezo wa kuzuia kukatwa, na ya nne ugumu wa buti inapobanwa kutoka ubavuni. Hiyo ya nne ndiyo niliyoitafuta kwa macho yote. Kiwango cha 1 huhitaji buti ihimili kilonyutani 1, ambayo ni karibu na uzito wa kilo 100, na kiwango cha 2 huhitaji kilonyutani 1.5. Kwa mtu ambaye ameshalaliwa na pikipiki, tofauti hiyo ina maana kubwa. Herufi IPA zikiwepo, kinga ya kifundo nayo imepimwa; IPS ni kinga ya muundi, na WR ni kinga dhidi ya maji. Buti yenye maneno ya kujisifu pembeni lakini isiyo na lebo ya namna hiyo ninaihesabu kuwa kiatu cha kawaida kirefu.

Nilipofika Tukuyu leva bado ilikuwa chini kidogo kwa pua ya buti mpya. Fundi alilegeza bolti kwa spana namba 10, akaichomoa leva kwenye meno ya ekseli yake, akaipandisha jino moja na kukaza. Ilichukua dakika tano, na ninashangaa wengi huirudisha buti nzuri dukani kwa tatizo dogo kama hilo.

Tangu wakati huo nimeanguka mara mbili. Mara ya pili pikipiki ilinilalia mguu ule ule wa kushoto, na nilichobaki nacho ni mkwaruzo kwenye ngozi ya buti. Kuhusu maji, utando wa ndani haujavuja, lakini mvua ya Rungwe huingia kwa juu ikiwa suruali ya mvua imechomekwa ndani, na maji yakishaingia hayatoki: utando unaoyazuia nje unayafunga ndani vile vile. Suruali ivaliwe juu ya buti. Zikilowa ndani huchukua siku mbili kukauka, nami huzijaza magazeti na kuziweka kivulini, kwa maana moto wa jikoni hukausha ngozi mpaka inapasuka. Nikiteremka Kyela, ambako joto la bondeni ni kali, miguu huteseka ifikapo saa sita mchana, na hapo sina dawa isipokuwa soksi za kubadilisha.

Kasoro moja ninayoilalamikia ni bizimu ya juu ya mguu wa kulia, iliyokatika mwezi wa tisa baada ya matope kuganda ndani yake. Imefungwa kwa skrubu, hivyo hubadilishwa bila kushona, lakini kipuri hakikuwepo dukani na nilisubiri wiki sita nikifunga buti kwa mpira wa baiskeli. Muulize muuzaji akuonyeshe bizimu ya akiba kwa macho yako kabla hujatoa fedha, na kama anayo, inunue siku hiyo hiyo.