Viti vya chuma vya nje: ukinunua Mbeya, anza na miguu

Kiti cha chuma kikikaa nje hapa Mbeya, mvua za Novemba hadi Mei zitakuonyesha ulinunua nini. Tukuyu, kwenye mvua nyingi zaidi, ndiyo usiseme. Nilikuwa na kiti cheusi ambacho rangi yake bado iling'aa. Siku nilipokiinamisha nifagie, maji ya rangi ya chai yakachuruzika kutoka mguuni. Nikabonyeza kwa dole gumba, bomba likabonyea. Lilikuwa limeliwa kwa ndani, maana chini liliachwa wazi na maji yakatuama humo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, kipindue. Miguu iwe imezibwa, na kama maji yanaweza kuingia popote, pawe na kitundu cha kuyatoa.

Kati ya namna za kukinga kutu, namba moja kwangu ni bomba la chuma lenye ngozi ya zinki, lililopakwa rangi juu yake. Zinki huliwa kabla ya chuma, hivyo mkwaruzo mdogo hauleti kutu upesi. Ila palipochomelewa, zinki imeungua. Muulize fundi amepaka nini hapo. Jibu unalolitaka ni praima (rangi ya kwanza) ya zinki.

Namba mbili ndiyo ningemshauri mtu wa mfuko wa kawaida: chuma cheusi, yaani kisicho na zinki, kilichopigwa msasa, kikafutwa mafuta kwa thina, kikapakwa redoksaidi (rangi nyekundu ya kwanza ya kuzuia kutu), kisha rangi ya mafuta mikono miwili, yaani mara mbili. Ukiagiza, toa advansi, lakini mwambie fundi asipake rangi ya juu mpaka uione ile nyekundu kwa macho yako, hadi kwenye kona na chini ya kikalio. Wengi hulizwa hapo, kwa sababu rangi ya juu ikishapita huwezi kujua kilicho chini. Tena apake mchana, chuma kikiwa kikavu. Rangi iliyopakwa juu ya umande hubanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Namba tatu ni rangi ya unga (poda) iliyookwa kwenye tanuri. Ni ngumu na inapendeza, lakini ikitoboka maji hutambaa chini yake kimyakimya, na mafundi wengi wa mtaani hawana tanuri la kuirudishia. Kwa Iringa mjini, ambako mvua ni chache, ningeipandisha.

Kupaka oili chafu ya gari kuzuia kutu, achana nayo, inaharibu nguo za wageni.

Siku ya kuchukua kiti, mwombe fundi akumiminie rangi ileile kwenye kikopo, na redoksaidi kidogo. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, piga msasa kila palipokwaruzika, paka nyekundu, ikauke, ndipo upake ya juu.