Shotigani ya mitutu ubavu kwa ubavu: kwa nini siiuzi

Wenye shotigani za mtutu juu ya mtutu huniuliza kila mara nitaipumzisha lini hii yangu ya kizamani. Sina mpango huo. Ni geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), kazi ya mafundi wa Eibar, Hispania, niliyoinunua ikiwa imeshapita mikononi mwa watu. Nakshi zake zimelika pembeni, wala sikuinunulia nakshi.

Nilinunua triga mbili. Ya mbele inafyatua mtutu wa kulia, ambao mdomo wake umebanwa kidogo tu, kwa hiyo marisau yanatawanyika mapema. Ya nyuma ni ya mtutu wa kushoto, uliobanwa zaidi, kwa shabaha ya mbali. Ndege akipaa karibu na miguu, kidole kiko mbele. Akiwa ameshatokomea kidogo, kidole kinarudi nyuma, basi. Nyingi za triga moja zina kiswichi cha kuchagua mtutu, lakini bado sijamwona mtu akikikumbuka wakati ndege yuko hewani. Kitako nacho kimenyooka, hakina mshiko kama wa bastola, ndiyo maana mkono unateleza kutoka triga hadi triga bila kukwama.

Ndani mna utaratibu ambao Anson na Deeley waliubuni mwaka 1875 wakiwa kwenye kampuni ya bunduki ya Westley Richards, Birmingham, Uingereza: ukiikunja bunduki ili kuifungua, uzito wa mitutu ndio unaotegesha nyundo zilizofichwa. Vipande ni vichache, na sioni cha kuongeza. Halafu kwa kuwa matundu yote mawili yako usawa mmoja, huhitaji kuikunja sana ili upachike risasi. Ukiwa umechuchumaa kichakani utaielewa tofauti hiyo, maana ile ya mtutu juu ya mtutu lazima uishushe mpaka tundu la chini lionekane.

Kasoro zipo. Ubao wa chini ya mitutu ni mwembamba kama kijiti, hivyo kiganja cha kushoto kinashika chuma chenyewe, na chuma kikishika moto utakiachia. Mimi navisha mitutu mkono wa ngozi. Teke lake pia linasukuma pembeni kidogo. Kwa kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani kutwa nzima, chukua ya mtutu juu ya mtutu. Wapiga shabaha wa Olimpiki wanaitumia, na jicho kweli linafuata mstari mwembamba kwa urahisi zaidi.

Ukinunua iliyotumika, pima chemba, yaani tundu risasi inamokaa, kabla ya kusifia mbao. Nyingi za zamani za Kiingereza zina chemba ya milimita 65, na risasi ya 70 inaingia humo bila kelele. Hatari iko hapo: ganda likifyatuliwa mdomo wake hufunguka, ukikosa nafasi shinikizo linapanda. Marisau ya chuma nayo usiyatie kwenye mitutu myembamba ya kale. Fundi ndiye aseme inabeba nini.

Kisha itoe mitutu, ining'inize kwa ndoano yake ya chini, uigonge kwa ukucha. Ikilia kama kengele, ukanda unaoiunganisha umeshika vizuri. Ikitoa mkwaruzo au sauti iliyokufa, ulehemu umeachia mahali; mrudishie muuzaji hapo hapo, hata akikushushia bei.